Dozi ya Mtu Mmoja

Bwenini, 26 Januari

Mama, shikamoo. Chiriku, wewe ndiye msomaji, kwa hiyo nakuomba usome kama ilivyo, usiongeze chumvi yako.

Nimefika salama. Koo limepona kabisa. Vile vidonge ulivyonifungia kwenye kitambaa, Mama, nilivimaliza hata kabla sijazoea kitanda kipya. Vilikuwa vichache, nikashukuru, maana uchungu wake unakaa ulimini hadi jioni. Simu hapa ni marufuku, na ile ya ofisini hupigwa kwa misiba tu, kwa hiyo mkitaka kunisikia ni karatasi hii. Mimi sioni shida. Mnajua kalamu yangu ina mdomo kuliko mimi mwenyewe.

Tumeanza somo la bakteria. Mwalimu wa Biolojia tunamwita Darubini, kwa sababu akikuuliza swali hufumba jicho moja, na wewe unajiona mdogo kama kitu kilichowekwa juu ya kioo. Jana alinisimamisha nitaje makundi yao. Nilikuwa nayajua yote. Sauti ilitoka kama ya mbu. Wasichana wa nyuma wakaanza, "Ongeza redio, mama!" Nikakaa chini kabla sijamaliza, akadhani sijui.

Basi nawatajia nyinyi, maana nyinyi hamnicheki. Wapo wa mviringo. Wengine wao hushikana kama mnyororo, kama sisi kwenye foleni ya uji, na hao ndio waliotukaa kooni mimi na Chiriku. Wengine hurundikana kama zabibu, hao ni wa majipu, kama lile lililomfanya Chiriku ale amesimama. Wapo wanaotembea wawili wawili kama wachumba, wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo. Halafu wapo wa umbo la fimbo: wa kifua kikuu, wa homa ya matumbo, na wa pepopunda, ambaye hukaa udongoni miaka na miaka akisubiri mtu ajichome. (Mama, sindano ikianguka chini usiiokote ukaendelea kushona. Ioshe.) Wa kipindupindu amejikunja kama alama ya mkato. Na wapo waliojisokota kama uzi uliokatikia kwenye cherehani. Mmoja wa hao huleta ugonjwa ambao Darubini alipoutaja darasa zima liliangua kicheko, kwa hiyo huo Chiriku usiuulize.

Kuna kitu nimekigundua. Darasani tunasoma kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza magonjwa haya yako mbali, ni majibu ya mtihani tu. Nikiyageuza Kiswahili ili niwaandikie, naona yameshaingia ndani na kuvuta kiti.

Wenu,
Kimya


Nyumbani, 5 Februari

Mwanangu Kimya,

(Mama anasema, mimi naandika. Vilivyo kwenye mabano ni vyangu. Chiriku.)

Marahaba. Sisi hatujambo. Nina sare za shule nzima za kushona na cherehani inalia kama mjane. Mwambie huyo mwalimu wako kwamba sindano zimenichoma tangu yeye hajazaliwa, na mdudu wake bado hajathubutu. (Lakini sasa anaziosha. Nimemwona.)

Nakuomba uongeze sauti darasani. Sikukuzaa kwa kunong'ona.

Huyu ndugu yako ananichosha. Jumapili goti lilivimba. Jumatatu goti likapona, kikavimba kifundo cha mguu. Jana ni kiwiko. Maumivu yanahama kama mpangaji anayekimbia kodi. Nasema ni mpira. (Si mpira. Sijacheza wiki nzima. Na nina homa jioni.) Namkanda kwa maji ya moto, anapiga kelele hadi jirani yetu Fundi Saa alikuja kuuliza kama namchinja. Nikamwambia bado, nanoa kisu.

Soma kwa bidii. Kula ushibe.

Mama yako
(na mimi, na goti langu)


Bwenini, 11 Februari

Mama, shikamoo.

Chiriku, soma hii ukiwa umekaa karibu na Mama, si ukirandaranda.

Barua yenu ilinikuta mchana, nikamfuata Darubini ofisini. Mimi! Nilisimama mlangoni muda mrefu mpaka akauliza kama mimi ni pazia. Nikamsomea ule mstari wa maumivu yanayohama. Hakucheka. Alifumbua macho yote mawili. Akauliza, "Kabla ya hapo koo lilimuuma?" Nikasema ndiyo, sote wawili, mwanzoni mwa Januari. Akauliza, "Dawa alimaliza?" Nikasema sijui.

Mama, anasema hawa wa mnyororo wakipigwa nusunusu hawafi wote. Mwili unaendelea kupigana nao, na kwa watoto wengine mwili unachanganyikiwa, unaanza kumpiga asiye adui. Unaanza na viungo, leo hiki kesho kile. Inaitwa homa ya baridi yabisi. Viungo hupona vyenyewe. Kisichopona ni kile inachokifuata baadaye.

Mpeleke hospitali. Kesho, Mama, sare zisubiri. Na unijibu hili moja: dozi alimaliza?

Kimya


Nyumbani, 22 Februari

Mwanangu,

(Ni mimi tena, mwandishi wa serikali.)

Tumekwenda. Tulitoka na nyota tukarudi na nyota. Daktari aliweka ule mpira wake kifuani kwa huyu, akakaa kimya kama anasikiliza taarifa ya habari. Akauhamisha, akasikiliza tena. Akasema moyo una sauti. Nikamwambia, daktari, moyo usio na sauti si ni wa marehemu? Wauguzi wakacheka, yeye hakucheka. Alisema mambo mengi haraka haraka, na nyuma yangu foleni inakohoa. Nilichokishika ni kwamba apumzike, na kuna sindano atachomwa kila mwezi. Amechomwa ya kwanza. (Matakoni! Ni nzito kama saruji. Nilitembea kama bata hadi kituoni. Kutoka hapo Mama alinibeba, na mimi ni mkubwa, watu wote walituona.)

Sasa goti zima, kiwiko kizima, anakula kama mchwa. Namshukuru huyo mwalimu wako.

Uliuliza dozi. Dozi iliisha, hakikubaki hata kidonge.

(Iliisha upesi kwa sababu tulikuwa wawili. Kumbe hukuona? Ulikuwa umejifunika shuka. Mama alimwaga vidonge vyangu mezani akagawa, kimoja chako kimoja changu, kama pipi. Vyako ndivyo akavifunga kwenye kitambaa. Mwisho kikabaki kimoja bila mwenzake, akakikata kwa mkasi wa kazi. Nusu yangu ilikuwa kubwa kuliko yako, hahaha.)

Mama yako anakusalimu.


Bwenini, 1 Machi

KWA MAMA PEKE YAKE. Mama, usimpe Chiriku. Mpe Fundi Saa akusomee, mlango ukiwa umefungwa.

Mama,

Sikukusalimu kwanza na najua unajua kwa nini.

Ile dawa ilikuwa dozi ya mtu mmoja. Daktari alimpima mtu mmoja na kuhesabu vidonge vya mtu mmoja. Wewe ukaimwaga mezani ukagawa. Katika nyumba yetu hakuna cha mtu mmoja, nimelijua hilo tangu utotoni: ndizi tunagawa, blanketi tunagawa, hata adhabu unatugawia ili mmoja asilie peke yake. Nilikuwa najivunia. Wenzangu hapa wanaficha sukari kwenye masanduku yenye kufuli na mimi nikawa nawaona maskini.

Lakini mdudu hagawiki, Mama. Ukimpa kila mtoto nusu ya dawa, hujawaponya nusu. Umewapa wadudu likizo. Wangu walikufa, sijui kwa bahati gani. Wa Chiriku hawakufa.

Daktari aliposema moyo una sauti hakuwa anatania. Ndani ya moyo kuna vali, ni kama milango midogo. Damu ikipita mlango unajifunga. Mlango mmoja wa Chiriku umeungua, haufungi sawasawa, damu inarudi nyuma, na hiyo ndiyo sauti. Kila akipata tena wadudu wa koo, mlango utaungua zaidi. Ndiyo maana ya ile sindano ya kila mwezi. Ni mpaka awe mtu mzima, mwezi hata mmoja usirukwe. Akiruka, anaweza kufa akiwa bado kijana. Nimeuliza mara mbili. Darubini alisema ndiyo mara mbili.

Umempunja, Mama. Neno ni hilo, nimetafuta jingine sikulipata. Ulimpunja na hukujua, na ukanipa mimi kile alichopunjwa, nikala.

Usiguse tena dawa ya mtu.

Kimya


Nyumbani, 20 Machi

Dada Kimya,

Leo hakuna mabano. Mama yuko sokoni kununua vifungo.

Barua yako niliisoma mimi. Usinilaumu. Nilipomwambia, "Mama, imeandikwa yako peke yako, tumwite Fundi Saa," alisema, "Nyumba hii tangu lini ina barua ya mtu mmoja? Soma." Nikaifungua. Yeye alikuwa anapiga pasi. Nikasoma kimya mpaka pale uliposema Umempunja, akauliza, "Mbona umenyamaza kama dada yako?" Ikabidi nitoe kitu.

Nikabuni. Nilisema unaomba sabuni. Nilisema Matroni wenu ni mkali na ana ndevu. Nilisema umekuwa wa tatu darasani, samahani kama si kweli. Ukurasa wa pili nikaishiwa, nikarudi kwenye sabuni. Mama akasema, "Huyu mtoto anataka sabuni kurasa tatu?" Akacheka, akakufungia vipande viwili, utavipata.

Ile barua nimeificha mahali ambapo Mama hafiki. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Huo mlango nausikiliza. Nikilala ubavu wa kushoto nausikia kwenye mto, unafanya tu-fsss, tu-fsss. Sijui kama ndio huo au najidanganya.

Sasa nisikilize. Jumatatu ilikuwa siku ya sindano. Mama ana zile sare, mwenye shule anakuja kugonga kila siku. Akaniuliza, "Unaumwa popote?" Nikasema hapana. Ni kweli siumwi. Akasema, "Basi mtu mzima anachomwa sindano ya nini? Tutakwenda mwezi ujao." Nilikuwa na uwezo wa kumwambia hapo hapo. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikawaza, akiniuliza nimejuaje, nitasema barua, na akisema leta barua, itabidi nisome lile neno.

Wewe unamjua Mama. Akilijua lile neno hatalia. Ataacha kula tu. Kama alivyofanya siku zile Baba alipoondoka, unakumbuka alivyokuwa anatupakulia na yeye anasema ameshiba mvuke.

Kwa hiyo andika nyingine. Andika ugonjwa ule ule, vitisho vyote weka, mlango weka, sindano weka, lakini mezani usiweke, mkasi usiweke, na hilo neno toa. Sema umekuja tu kama mvua. Nitaisoma kwa sauti kama mtangazaji na tutakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Fanya haraka. Darasani kwetu watu wanakohoa sana.

Halafu niwekee karatasi ndogo yangu peke yangu. Nijibu: nitakufa? Usinifiche, nimeshasoma.

Chiriku


Bwenini, 3 Aprili

(Karatasi ndogo, ya Chiriku.)

Mdogo wangu,

Barua yako nimekabidhiwa leo. Leo! Wakati wa mitihani Matroni hufungia barua zote kabatini, anasema zisitutoe machozi kabla ya karatasi ya mwisho. Ndiyo kanuni, na tulipoambiwa tulishangilia, tukaona ni kujaliwa. Nilipita mbele ya kabati hilo kila asubuhi nikienda kupiga mswaki. Sabuni zako zilikuwa humo, ukisogea karibu unazinusa.

Sijui nikuambieje hili. Kwenye mtihani wa Biolojia kulikuwa na swali la madhara ya mgonjwa kutomaliza dozi ya antibaiotiki. Niliandika vizuri sana. Nimepata alama zote.

Hutakufa ukichomwa sindano kila mwezi. Nasema kweli, sikufichi. Ukiruka, sijui. Kama mmesharuka tena, au koo linakuuma hata kidogo, usisubiri kumsomea mtu barua. Mwambie Mama tu. Mwambie hata lile neno.

Sikufikiri ingekufikia wewe. Nilipoandika nilikuwa namwona Mama tu.

(Ukurasa wa kusoma kwa sauti.)

Mama mpenzi, shikamoo. Natumaini hujambo na sare zimekwisha. Ahsante kwa sabuni, zinatosha mwaka mzima. Nimezungumza tena na mwalimu wetu kuhusu Chiriku. Anasema ugonjwa huu huja tu, kama mvua, hauchagui nyumba na hakuna aliyekosea. Lakini umegusa moyo wake, na dawa yake ni ile sindano, kila mwezi bila kuruka hata akiwa anarukaruka kama mbuzi. Tafadhali Mama, mkimaliza kusoma barua hii, nendeni. Sare zinaweza kungoja, mwenye shule akigonga mwambie mtoto kwanza.

Binti yako mtiifu,
Kimya


Wodi ya watoto, 12 Aprili

Kwa binti aitwaye Kimya,

Naandika kwa niaba ya mama wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Mimi ni muuguzi wa wodi hii. Amenitaka niandike asemavyo, nisipambe na nisipunguze. Kuanzia hapa ni maneno yake.

Mwanangu. Tuko hapa tangu wiki iliyopita. Alianza na koo, siku chache tu, hakuniambia. Halafu homa, halafu akawa anapumua kwa mabega. Usiku hawezi kulala chali, analala amekaa, ameniegemea. Daktari amesema ile vali imeharibika vibaya, tutapelekwa kwenye hospitali kubwa kupasuliwa, kuna majina mengine mbele yetu. Akipona hatacheza mpira tena. Hilo bado hajaambiwa. Atakapoambiwa nitamwambia mimi.

Barua yako ilipelekwa nyumbani, Fundi Saa akatuletea hapa. Huyu akajiinua kwenye mto akanisomea, vizuri kama redio. Mvua. Hakuna aliyekosea. Nikamwuliza, "Na ile ya kwanza, mbona ilikuwa ya sabuni kurasa tatu?" Akalia. Na kulia kunamla pumzi, nikamwambia acha, akasema hapana, nasema sasa. Akanisomea yote bila karatasi. Anaijua kwa kichwa. Hakuruka hata neno moja, hata habari ya kabati la Matroni akanieleza.

Mwanangu wa miaka kumi na miwili amekaa na neno lako mwezi mzima ili lisinifikie. Na kwa sababu ya kukaa nalo amekosa sindano. Sasa na mimi sijui tumlaumu nani, nani aligawa, nani aliandika, nani alifungia kabatini. Tukianza kugawa lawama itatutosha sote na itabaki.

Umesema nilimpunja. Sawa. Lakini na mimi nina swali, na wewe umesoma. Siku ile nilikuambia twende wote watatu. Ukajifunika shuka. Ukasema unaona aibu kumfumbulia mdomo daktari mwanamume. Nikakubembeleza, ukalia. Nikaenda na mmoja, nikapewa dawa ya mmoja. Nikarudi nikakuta huwezi kumeza mate yako mwenyewe, na huyu hawezi kumeza yake. Shule yako inafunguliwa, begi lako liko mlangoni. Nina pakiti moja mkononi. Haya. Ningempa nani? Ningemnyima nani?

Usiniandikie habari za wadudu. Wadudu nimewaelewa. Nataka unitajie mtoto.

Mwisho wa maneno yake. Nimemsomea tena kabla ya kufunga bahasha, amesema ni hayo hayo.

Muuguzi


Bwenini, 18 Aprili

Mama, shikamoo.

Dada Muuguzi, shikamoo pia. Najua ni wewe utakayesoma. Nakuomba usome polepole, na ukifika mahali pabaya usiruke ukanionea huruma.

Mama, umetaka mtoto. Ni yeye. Ungempa yeye vyote. Dawa ilikuwa yake, aliyefumbua mdomo ni yeye, na mimi ungenivua lile shuka ukanivuta hadi zahanati nikiwa nalia njiani watu wakituona. Ndilo jibu sahihi. Kwenye mtihani ningelipatia alama zote, kama nilivyopata.

Lakini hukuniuliza jibu la mtihani, kwa hiyo ngoja nikwambie jingine.

Siku niliyokuandikia ile barua nilikuwa nimemwuliza Darubini kitu ambacho sikukuandikia. Nilimwuliza, kwa nini yeye na si mimi? Wadudu wale wale, vidonge sawa, hata kile cha mwisho tuligawana. Akasema hakuna ajuaye. Miili mingine hukaa kimya, mingine huchanganyikiwa. Akasema, "Ingeweza kuwa wewe." Nikatoka pale nikapanda ngazi za bweni mpaka juu, nikakimbia kabisa, nikasimama nikasikiliza kifua changu. Kilidunda, kikatulia. Mlango unafunga. Nikafurahi, Mama. Nilifurahi kwanza, halafu ndipo nikamkumbuka Chiriku. Na tangu siku ile nafanya hivyo karibu kila siku, napanda, nasikiliza, nafurahi, halafu namkumbuka. Mpangilio ni huo huo. Nimejaribu kuanza na yeye, sijaweza.

Nadhani ndiyo sababu nilikuandikia kwa ukali vile. Mtu akikasirika haonekani kwamba anafurahi. Hata yeye mwenyewe hajioni. Ilibidi apatikane wa kumlaumu upesi, kabla sijabaki peke yangu na ile furaha.

Sasa unajua ulimpa nani nusu ile. Kama ungenijua hivi siku ile, pengine usingekata kile kidonge.

Dada Muuguzi, samahani kwa kukusomesha haya. Sijamwambia mtu yeyote, na sasa nimekuambia wewe nisiyekujua hata sura.

Shule inafungwa Ijumaa. Nilikwenda kwa Matroni kuomba nitoke siku mbili kabla. Alinikatalia, nikabaki nimesimama, sikuondoka, akanikatalia tena, nikapandisha sauti mpaka watu wakachungulia. Nimepata ruhusa. Natoka Jumatano asubuhi. Kama hutaki nije, Mama, mwambie Dada Muuguzi aandike hapana, au apige ile simu ya misiba, watanipa. Nisipopata neno nitakuja, na nitakaa nje ya mlango wa wodi. Sitaingia mpaka uniite.

Kimya


Wodi ya watoto, 21 Aprili

Binti Kimya,

Barua hii nampa dereva wa gari la dawa anayepita kwenu kesho, ili ikufikie kabla hujatoka.

Nimemsomea mama yako. Polepole, kama ulivyoomba. Sikuruka. Mtoto alikuwa amelala, amemwegemea, kwa hiyo hakuweza kugeuka wala kuondoka, alisikiliza yote akiwa anatazama dirishani.

Nilipomaliza nilichukua kalamu. Nikamwuliza, "Niandike nini?" Akasema, "Siandiki." Nikaondoka kugawa dawa za jioni. Niliporudi kwenye kitanda chake akanishika gauni.

Akasema nikwambie hivi, na nimeandika kama alivyosema: Hapa kwa mwenye kuuguza hakuna kitanda. Aje na kitenge kizito, atalala sakafuni, upande wa pili wa kitanda.

Muuguzi